Skrubu ya Nne

Hoimonti Bagchi alivua viatu mlangoni kwa akina Pyne saa sita kasoro robo mchana, na kabla hajainua kichwa alikuwa ameshaulizwa mara tatu kama atakunywa chai ya maziwa au ya rangi.

"Maji tu," alisema. "Na stuli."

"Maji tu!" Aloka Pyne, mama wa nyumba, aliwageukia watu waliojaa chumbani kana kwamba ametukanwa mbele yao. "Mara ile ulikunywa vikombe viwili, dada. Na vitamu vya sandesh ukala."

"Mara ile nilikaa dakika kumi. Leo siondoki mpaka ijulikane."



Mara ile ilikuwa Jumamosi mbili zilizopita. Hoimonti alikagua madai ya bima miaka thelathini na moja, akastaafu, na sasa alikuwa mkaguzi wa chama cha wafanyabiashara wa Jengo la Annapurna, ghorofa nne za vibanda vya kompyuta ambako nusu ya Kolkata hununua na nusu nyingine huenda kutazama. Fundi na mnunuzi wakigombana, anaitwa yeye. Anapima, anaandika, anapiga muhuri. Alichopigia muhuri hakuna aliyewahi kukipinga. Mara ile kompyuta mpya ya Titir, binti wa Aloka, ilikuwa haikai saa moja bila kuzima. Iliundwa na Ratul Sapui wa kibanda namba arobaini na moja. Hoimonti alichomeka flashi yake ya kupimia RAM, kumbukumbu ya kompyuta, makosa mia mbili na kumi na nne yakajitokeza, akazichomoa kadi zote mbili za RAM, akaona madoa kwenye meno ya dhahabu ya kadi hizo, akaandika: kadi mbovu, zimeshatumika, zimeuzwa kama mpya. Muhuri. Sandesh. Kwaheri.

Ratul akaleta kadi nyingine mbili, akazifungua kwenye pakiti mbele ya mashahidi. Kompyuta ikazima jioni ileile. Na leo, saa kumi na moja jioni, chama kilikuwa kinakaa kumnyang'anya kibanda.

"Kadi nne," Hoimonti alisema akikaa kwenye stuli. "Mbili za kwanza, mbili za pili. Viwanda viwili tofauti, maduka mawili tofauti. Zote nne ziwe mbovu? Kwenye bima sijawahi kukutana na bahati mbaya ya aina hiyo bila kumkuta mtu amesimama nyuma yake."

"Si yule yule kijana?" Hiyo ilikuwa sauti ya Jharna, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyekuwa amekalia kitanda cha Titir na bakuli la bisi za mchele mapajani. "Mtaa mzima unajua anang'oa kadi kwenye makompyuta ya zamani ya maofisini."

"Mtaa umejuaje?"

Jharna akatafuna kwanza. "Si ulisema wewe?"

Hoimonti akachukua bisibisi.

Ubavu wa kompyuta ulikuwa wa kioo, umeshikwa na skrubu nne pembeni. Alizifungua moja moja, akaziweka kwenye kisahani cha chai. Tatu zilikuwa nyeusi, zenye kichwa cha msalaba. Ya nne bisibisi iliteleza juu yake. Ilibidi abadilishe, atafute ile bapa, maana skrubu ile ilikuwa ya shaba, nzito, yenye mfereji mmoja katikati. Aliitazama, akaiweka na wenzake, hakusema kitu.

"Titir, njoo karibu. Inazima wakati gani?"

Titir alikuwa na miaka ishirini na mitatu na macho mekundu. Kazi yake ilikuwa kuchora picha za katuni za televisheni, picha kwa picha, na kompyuta ile ilikuwa imemmezea kazi ya siku kumi na moja. "Wakati wowote, shangazi. Skrini inakuwa ya buluu, halafu inajiwasha yenyewe. Nikichora, nisipochora. Mara moja ilizima nikiwa bafuni."

"Asubuhi zaidi, au jioni?"

"Haina saa. Ila mvua ikinyesha, haifiki hata nusu saa."

Hoimonti aliandika hilo kwenye daftari na kulipigia mstari. Kisha akalifunga daftari, akawatazama wote, mmoja baada ya mwingine. "Nitauliza swali moja. Sijali adabu, sijali aibu. Katika nyumba hii, nani amefanya nini na mashine hii ambacho hakuniambia mara ile?"

Jambo lililofuata lilimshangaza hata yeye. Aliuliza akitegemea ukimya, akapata foleni.

Aloka ndiye aliyeanza. Alienda kabatini, akatoa kitambaa cheupe kilichofumwa kwa sindano, chenye maua pembeni. "Nilikuwa naifunika," alisema. "Kila alipotoka mtoto. Kama ninavyofunika televisheni na friji. Vumbi, dada! Wiki hizi wanajenga mabanda ya mianzi ya sherehe za dini pale nje, mchanga unaingia mpaka kwenye sukari. Siku ile ulipokuja nilikiondoa nikakificha, nikidhani... basi nikidhani mimi ndiye niliyeichoma."

"Uliifunika ikiwa inawaka?"

"Wakati mwingine."

"Mama!" Titir akasema.

"Nilikifuma kwa mikono yangu!"

Hoimonti aliwasha kompyuta, akaifunika kwa kitambaa, akaketi macho yakiwa kwenye saa. Dakika kumi na tano. Feni zikapiga kelele, joto la ndani likapanda mpaka nyuzi sabini na moja, likasimama hapo. Akakifunua. "Joto hili linachosha, haliui. Na tena, Titir, si imeshawahi kuzima asubuhi, ikiwa imewashwa tu?"

"Mara nyingi."

"Basi si kitambaa. Ila kisirudi juu yake."

Aloka akakikumbatia kama mtoto aliyenusurika.

"Haya, na mimi," Jharna akasema, akiweka bakuli chini. Alikuwa amekuja kusikiliza kesi ya watu, na sasa jasho lilikuwa linamtoka juu ya mdomo. "Wifi," akamwambia Aloka, wifi wa ujirani tu, "usinikasirikie."

"Nini tena?"

"Ule waya unaopita kwenye baraza..."

"Waya gani?"

"Wa pasi yangu."

Ilichukua muda kueleweka. Tangu mwezi wa saba soketi ya chumbani kwa Jharna ilikuwa imeungua, na badala ya kuita fundi alipitisha waya dirishani, akauchomeka kwenye ekstensheni ya akina Pyne, ileile iliyolisha kompyuta. Kila asubuhi alipiga pasi sare za wanawe watatu kwa umeme wa jirani.

"Unaiba umeme wangu?" Aloka akauliza.

"Naazima, wifi! Shati tatu tu!"

"Na sari? Jana ulipita hapa na sari imenyooka kama karatasi ya benki!"

"Ileteni hiyo pasi," Hoimonti akasema.

Pasi ikaletwa, ikachomekwa, ikapandishwa mpaka mwisho. Taa ya chumbani ikafifia, betri ya akiba chini ya meza ikalia mara mbili, tiii, tiii, na kompyuta ikaendelea kuwaka bila kupepesa. Alizima, akawasha, mara sita. Hakuna kitu. Akauchomoa waya wa Jharna na kuukabidhi kwa mwenyewe. "Wewe una kesi, lakini si hii."

Alipogeuka, Titir alikuwa amesimama ukutani, kucha mdomoni.

"Sema, mwanangu."

"Ratul aliniambia nisiguse mipangilio. Aliniambia kabisa. Mimi siku ya tatu nikaingia, nikaiongezea RAM mwendo. Nilisoma mahali kwamba inawezekana. Kisha siku ulipokuja uliniuliza kama kuna mtu amebadilisha kitu, nikasema hapana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu babu ndiye aliyeninunulia. Alimpa Ratul akiba yake yote, mkononi." Machozi yakaanza. "Nikaona bora liwe kosa la mtu wa nje."

Watu wote chumbani wakamtazama babu, mzee Bholanath Pyne, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha mikono karibu na dirisha, nyuma ya gazeti. Gazeti halikusogea.

Hoimonti aliingia kwenye mipangilio, akarudisha mwendo wa RAM mahali pa kawaida, akachomeka flashi ya kupimia. Alisubiri. Dakika ya nne, chini ya skrini, ukatokea mstari mwekundu wa kwanza. Kisha wa pili. Kisha ikawa kama mvua juu ya bati.

"Si wewe pia," alisema. "Umeongeza chumvi kwenye chakula kilichokwishaharibika. Futa machozi, unishikie tochi."

Sasa akafanya kile ambacho alipaswa kukifanya Jumamosi mbili zilizopita, na alikifanya kwa sauti, kila hatua, kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani. Bodi ya ndani ya kompyuta ilikuwa na sloti mbili, matundu marefu ya kuchomekea RAM: ya ndani, karibu na feni kubwa, na ya nje. Alizima, akachomoa kadi zote mbili. Kadi ya kwanza akaiweka peke yake kwenye sloti ya ndani. Kipimo kizima kilipita: makosa sifuri. Akaitoa, akaweka ya pili palepale. Sifuri.

"Kwa hiyo zote nzima," Titir akanong'ona.

"Subiri."

Akachukua kadi ya kwanza, ileile iliyotoka kupata sifuri, akaihamishia sloti ya nje. Dakika mbili hazikuisha, nyekundu. Akaiweka ya pili. Nyekundu.

"Umeona? Kadi zinahama, kosa halihami. Kosa limekaa kwenye sloti." Aliweka kalamu chini, akaipanga sawa na ukingo wa daftari. "Kipimo hiki hakichukui saa mbili. Mara ile nilikuwa na muda wa vikombe viwili vya chai na sikukifanya."

Jharna akajaribu kumtetea. "Lakini ulisema kadi zilikuwa na madoa, dada. Kwamba zimetumika."

"Ndiyo. Na sikujiuliza madoa yametoka wapi."

Alitoa mkobani kioo cha kukuzia. Titir akaelekeza tochi. Ndani ya sloti ya nje, kati ya meno madogo ya chuma, kulikuwa na ukoko, mweupe pembeni, mwekundu katikati. Hoimonti alizungushia pamba kwenye kijiti cha kiberiti, akaichovya kwenye spiriti, akaipitisha taratibu. Pamba ikatoka na rangi.

Aliinyanyua hewani. Ilikuwa nyekundu ya kung'aa, nyekundu ambayo kila mtu chumbani aliijua. Hoimonti akageuka polepole na kuisogeza pamba karibu na kichwa cha Aloka, pale nywele zinapogawanyika, pale mke wa mtu hujipaka sindur, poda nyekundu ya ndoa, kila asubuhi. Rangi moja.

Aloka akajishika kichwa kwa mikono miwili. "Mimi? Mimi hata plagi yake siijui! Naapa kwa mume wangu aliyeko kazini!"

"Wifi," Jharna akasema taratibu, akisogea mbali naye kidogo.

"Wifi nini? Mwizi wa umeme wewe!"

"Kaeni," Hoimonti akasema. "Sindur ipo katika kila nyumba ya mtaa huu." Alitoa simu yake, akafungua picha. "Ratul hupiga picha kila mashine kabla haijatoka kibandani. Hii ni ya tarehe kumi na sita ya mwezi wa tisa, siku aliyoileta hapa. Titir, hesabu skrubu za kioo."

"Nne."

"Rangi?"

"Nyeusi. Zote."

Hoimonti akasukuma kisahani cha chai katikati ya meza. Skrubu tatu nyeusi, moja ya shaba. "Mimi mara ile niliingilia mfuniko wa juu, wa bati. Kioo sikukigusa. Ratul alipoleta kadi za pili alifungua bati pia, mbele ya mashahidi. Kwa hiyo kioo hiki kimefunguliwa na mtu mwingine, baada ya tarehe kumi na sita, akapoteza skrubu moja, akatafuta ya kwake. Skrubu ya mfereji mmoja, ya shaba. Hizi siku hizi haziuzwi hata sokoni. Nani ana skrubu kama hii?"

Titir alitazama sakafu. Aloka alitazama dari. Jharna, ambaye maishani mwake hakuwahi kukosa pa kutazama, alitazama ndani ya bakuli tupu. Walikuwa wanajitahidi sana, wote watatu, kutotazama upande wa dirisha.

Gazeti likakunjwa. Mara moja, mara mbili, likawekwa kwenye paja.

"Zangu zimebaki kumi na saba," mzee Bholanath alisema. "Nilizichukua siku mashine ya chapa ilipouzwa kwa kilo."

Hoimonti akageuza stuli, akamkabili. "Mzee, ulifanya kazi ya chapa miaka mingapi?"

"Arobaini na minne. Kadi za harusi, vipeperushi, tiketi za tamthilia."

"Na sikukuu ya Vishwakarma, mungu wa mafundi, pale kiwandani mlifanyaje?"

"Unavyojua mwenyewe. Siku hiyo mashine haifanyi kazi, inaabudiwa. Watu wengine wanapaka sindur kwenye mfuniko, wanaweka ua, basi, wanakimbilia kurusha tiara." Aliinua kidole. "Kwetu hapana. Baba yangu alisema mashine isiyofunguliwa kifua haijabarikiwa. Tulifungua kila kitu. Tulipaka kwenye chuma chenyewe, tukanyunyiza maji matakatifu ya mto Ganga kwa majani mpaka ndani ya moyo wake. Na haikuwahi kuugua. Hata siku moja."

"Mashine ile ilikuwa na uzito gani?"

"Tani mbili."

"Hii ina nyuzi nyembamba kuliko unywele wa Titir, mzee. Ulifungua saa ngapi?"

"Alfajiri ya sikukuu hiyo, tarehe kumi na saba. Wote wamelala." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma karatasi ya mtu mwingine. "Nilipaka kidogo tu, pale juu ya feni. Kisha nikanyunyiza. Mkono wangu si ule wa zamani, maji yakatoka mengi. Yakatiririka mekundu. Nikayafuta kwa taulo. Skrubu moja ikaanguka chini ya kitanda, magoti hayakunikubalia."

"Babu," Titir akasema. Hilo tu.

"Nilitaka idumu. Kitu cha mtoto wangu kidumu."

"Na ilipoanza kuzima siku mbili baadaye," Hoimonti akasema, "ulijua."

Nje, mafundi wa mabanda walikuwa wanagonga mianzi na kutukanana kwa furaha.

"Nilihofu. Nikasema nitasema. Siku ulipokuja nilikuwa nimekaa hapahapa, nimeshajipanga maneno. Ukapima, ukasema kadi. Ukasema yule kijana ameuza kitu kilichotumika. Nikajiambia, Bholanath, mkaguzi amesema kadi, wewe ni nani? Muhuri ulipogonga meza, nilishusha pumzi." Akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Nilijificha nyuma ya muhuri wako, mama. Ulikuwa mkubwa, ukanitosha."

Jharna alikuwa ameziba mdomo kwa pindo la sari. "Mungu wangu," alisema kwa sauti iliyozibwa. "Na mimi nimeshawaambia watu."

"Wangapi?" Hoimonti akauliza.

"Mtaa huu. Foleni ya maziwa. Binamu yangu wa Howrah, na yule ana mdomo, afadhali mimi. Mama yake Ratul nilikutana naye kwa muuza samaki, nikamgeuzia mgongo hadharani."

Lawama yoyote kwa Jharna ingemrudia Hoimonti mwenyewe. Akarudi kwenye meza. Akaisafisha sloti kwa spiriti na mswaki mpya, jino kwa jino, akaipuliza kwa kikausha nywele cha Titir upande wa baridi, akasubiri. Kisha akatoa mkobani bahasha ya kaki iliyofungwa kwa lakiri. Ndani yake zilikuwa kadi mbili za kwanza, zile alizozihukumu. Alifuta madoa kwenye meno yake, yakatoka kwa mpito mmoja wa pamba, na chini yake dhahabu ilikuwa safi, bila mkwaruzo. Akazichomeka zote mbili.

Aloka alipika wali, hakuna aliyekula. Wakasimama nyuma ya stuli, wanne, wakiitazama ile namba ya makosa kwenye skrini kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Kipimo cha kwanza kikapita. Cha pili kikapita. Saa tisa na nusu mvua ikashuka, nzito, ya kumalizia msimu, na Titir akamshika mama yake mkono. Sifuri. Saa kumi na dakika kumi, sifuri.

"Mpigie Ratul," Hoimonti akasema.

Titir alipiga mara nne. "Hapokei, shangazi." Hoimonti akafunga mkoba wake kwenda kwenye kikao cha chama.

Mzee Bholanath alikuwa ameshasimama, anatafuta mwavuli. "Nakuja nawe."

"Mvua hii, Baba?" Aloka akasema. "Na magoti yako?"

"Magoti hayakunizuia kufungua skrubu."

* * *

Katibu wa chama, bwana Gorai, alikutana nao mlangoni mwa ofisi ya ghorofa ya nne akiwa na uso wa mtu aliyemaliza kazi mapema. "Ah, dada Bagchi! Umelowa bure. Limekwisha. Tulianza saa kumi kasoro robo kwa sababu ya mvua, na kijana hakutusumbua kabisa. Amekiri."

"Amekiri nini?"

"Kwamba kadi zilikuwa zimetumika." Akamnyooshea karatasi. Maneno yalikuwa machache, saini ilikuwa nzuri, ya mtu aliyeandika bila kukimbizwa. "Anaondoka Jumatatu, sisi hatupeleki habari polisi. Nafuu kwa kila mtu."

Hoimonti aliisoma mara mbili. Kisha akauliza alipo.

Alikuwa kibandani, ghorofa ya pili, anafunga waya kwenye maboksi. Ratul Sapui alikuwa mtu mwembamba wa miaka ishirini na minane, mwenye miwani iliyoungwa kwa gundi. Alipowaona alisimama, akavuta stuli mbili, akaipangusa ya mzee kwa kiganja. Hasira haikuwepo usoni mwake, na hilo ndilo lililomfanya Hoimonti abaki amesimama.

"Kwa nini umesaini?" alimuuliza.

"Karibu ukae, shangazi."

"Ratul. Kadi zako zilikuwa mpya. Nimezipima leo, karibu saa mbili nzima, makosa sifuri. Kosa lilikuwa kwenye sloti. Maji yaliingia baada ya wewe kuondoka. Kwa nini umekiri kitu ambacho hukufanya?"

Ratul akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Mpya?"

"Mpya."

"Una hakika?"

"Ndiyo."

"Kwa sababu mimi nilikuwa sina hakika tena." Alicheka kidogo, vibaya. "Wiki ya kwanza nilikuwa naapa kwamba ni mpya, hata barabarani, peke yangu. Wiki ya pili nikaanza kukumbuka. Siku ile nilikuwa na mashine tatu mezani. Moja ilikuwa ya ofisi, imekuja kutengenezwa. Nikasema pengine nilichanganya. Pengine mkono ulichukua huku ukaweka kule. Nikaziona hata kadi zenyewe, kichwani, nikajiona nazichanganya kweli. Mama yangu akaniuliza, nikamwambia sijui. Shangazi Bagchi hakosei. Basi mimi ndiye niliyekosea."

Mzee Bholanath alikuwa ameshika mpini wa mwavuli kwa mikono yote miwili. "Ni mimi, kijana. Maji ni yangu. Nilijua na nikanyamaza."

Ratul akaweka waya chini. Hakusema "haidhuru, babu", jambo ambalo mtu yeyote wa mji ule angelisema kwa mazoea. Alisema tu, "Nimekusikia."

Bwana Gorai alikuwa amewafuata, anahema kwa ngazi. "Lakini dada, karatasi imeshasainiwa. Imeandikwa nyuma ya ripoti yako yenye muhuri. Kuifuta ni lazima uandike kwamba ukaguzi wako ulikuwa wa uongo. Chama hakitaweza kukutumia tena. Fikiria. Labda tukae kimya kimya, kijana tumrudishie kibanda, watu watasahau..."

"Nani atasahau?" Ratul akauliza. Hakupandisha sauti. "Wateja wangu, bwana katibu? Au yule mama aliyemgeuzia mama yangu mgongo kwa muuza samaki?"

Hoimonti alichukua karatasi mkononi mwa Gorai, akaigeuza juu ya boksi, akaandika chini ya muhuri wake mistari mitatu: sababu ya hitilafu, jina la aliyekosea kupima, tarehe. Jina alilitaja kamili, Hoimonti Bagchi, na chini yake akasaini. Kisha akamgeukia Ratul. "Hii ni kwa faili. Wewe unataka nini?"

Ratul akawaza. Juu na chini yao, ghorofa zote zilikuwa zimejaa. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya sherehe, na mvua ilikuwa imewafungia watu ndani. Sauti zao zilipanda kupitia uwazi wa katikati ya jengo.

"Ulisema mbele ya watu wangapi, shangazi?"

"Chumba kizima."

"Na kutoka pale ikafika kila mahali. Basi sema mahali ambapo itafika."

Walipanda tena mpaka ofisini. Kipaza sauti cha jengo, kile cha kutangaza watoto waliopotea na magari yaliyoziba mlango, kilikuwa juu ya meza ya katibu. Gorai alikisogeza bila kumtazama. Hoimonti akabonyeza kitufe, kikakoroma, na akaanza.

"Mimi ni Hoimonti Bagchi, mkaguzi wa jengo hili. Wiki mbili zilizopita niliandika kwamba fundi Ratul Sapui wa kibanda arobaini na moja aliuza kadi zilizotumika. Haikuwa kweli. Sikupima inavyotakiwa. Kadi zilikuwa mpya, na fundi huyu hana kosa hata moja."

Chini, kelele hazikupungua. Mtu alikuwa anabishana bei ya kibodi, mtoto alikuwa analilia mkate.

Ratul akatoka, akainama juu ya uzio wa ule uwazi, akasikiliza. Kisha akarudi.

"Hawakusikia vizuri," alisema. "Rudia majina."

"Lako?"

"Yote mawili."

Hoimonti akabonyeza tena.